Maswali ya Wasomaji: Viatu Vinavyobana, Vinavyopwaya na Vinavyoachia Soli

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu viatu, na kilio karibu ni kilekile: fedha imetoka, kiatu kimenunuliwa, mguu bado unateseka. Zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

Mhariri, habari za kazi. Kiatu cha mtumba kutoka Ulaya navaa 41 na kinanikaa vizuri kabisa. Nikienda dukani Kariakoo kununua kipya, 41 inanibana vidole, na muuzaji ananiambia namba yangu ni 42. Mguu wangu ni namba ngapi hasa? – Msomaji, Dar es Salaam

Muuzaji hajakudanganya, ndugu yetu. Namba ni hesabu ya kiwanda, na viwanda havihesabu kwa namna moja.

Kiwanda cha Ulaya hupima kalibu, yaani ule mguu wa mbao au plastiki ambao kiatu hutengenezwa juu yake. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Kalibu huzidi mguu kwa sentimita 1 hadi 1.5 ili vidole vipate pa kuchezea. Viatu vingi vya China vilivyojaa madukani hupimwa kwa mguu wenyewe: chukua urefu kwa sentimita, zidisha mara mbili, toa 10. Sasa tuseme mguu wako una sentimita 26. Kwa China, 26 mara 2 ni 52, toa 10, inabaki 42. Kwa Ulaya, kalibu ya sentimita 27.3 ukiizidisha kwa 1.5 inakupa 41. Mguu ni uleule. Waingereza huhesabu kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5 kwa kila namba, kwa hiyo kwao wewe ni kama 7. Mmarekani atakuandikia 8 kwenye kiatu cha kiume na kama 9 kwenye cha kike.

Tazama pia ubavu wa boksi la kiatu cha China, au kitambaa kilichoshonwa nyuma ya ulimi wa kiatu. Mara nyingi utakuta maandishi kama 260(1.5). Hiyo 260 ni urefu wa mguu kwa milimita. Hiyo 1.5 ndani ya mabano ni daraja la unene wa mguu. 2 ni mpana zaidi, 2.5 mpana zaidi tena. Wanunuzi wengi huipita bila kuitazama, na mara nyingi hapo ndipo kiatu kinapobana. Kwenye raba za Marekani upana huandikwa kwa herufi: D ni upana wa kawaida wa mwanaume, 2E ni mpana, 4E mpana sana. Kwa mwanamke, B ndiyo ya kawaida na D ni mpana.

Jipime hivi, na ujipime jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu cha asubuhi hubana saa kumi. Weka karatasi sakafuni ikiwa imegusa ukuta. Simama wima juu yake, kisigino kikigusa ukuta, uzito wako ukiwa umeuegemea mguu huo. Mtu mwingine apige alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, kalamu ikiwa imesimama wima. Si lazima kiwe kidole gumba. Wapo wengi ambao kidole cha pili ndicho kirefu. Usijipime mwenyewe kwa kuinama, maana uzito unahama na kipimo kinatoka kifupi. Kisha zungusha futi ya fundi cherehani kwenye sehemu pana ya mguu, kuanzia fundo la kidole gumba hadi chini ya kidole cha mwisho, na uandike mzunguko. Pima miguu yote miwili. Ikitofautiana, nunua kwa kipimo cha mkubwa.

Ukifika dukani, kama soli ya ndani inatoka, itoe uiweke chini na usimame juu yake. Kisigino kikae mwisho wa nyuma, mbele pabaki kama sentimita moja, yaani upana wa kidole. Halafu tazama pembeni. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli kushoto au kulia, kiatu hicho ni chembamba kwako hata urefu wake ukiwa sawa. Jaribio hilo huchukua nusu dakika na linasema ukweli kuliko kutembea hatua tatu kwenye zulia la duka.

Ukiagiza kwa muuzaji wa Instagram anayetuma mikoani, usimpe namba peke yake. Mwombe picha ya soli ya ndani ikiwa imelazwa kando ya rula. Ukimtuma mtu sokoni, mpe kijiti kilichokatwa kwa urefu wa mguu wako pamoja na sentimita moja. Kikilala ndani ya kiatu bila kupinda, achukue. Usimpe uzi, kwa kuwa uzi unavutika.

Mimi ni mwalimu, nasimama darasani tangu saa moja unusu asubuhi hadi mchana. Fundo la kidole gumba limetokeza pembeni na linauma. Nimeanza kununua viatu vya namba moja zaidi, lakini sasa vinapwaya kisigino na bado vinauma mbele. – Mwalimu, Morogoro

Pole sana, mwalimu. Kuongeza namba ndiyo dawa ambayo karibu kila mwenye mguu mpana huikimbilia, na ndiyo inayoongeza tatizo.

Kiatu kina mahali pake pa kukunjia, na hapo pametengenezwa palingane na sehemu pana ya mguu. Ndiyo maana kile kifaa cha chuma cha kupimia miguu, alichobuni Charles Brannock wa Syracuse, New York, miaka ya 1920, hakipimi urefu hadi kidoleni tu. Hupima pia kutoka kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba. Ukichukua namba kubwa zaidi, mkunjo wa kiatu unasogea mbele ya fundo lako. Mguu unakunjika hapa, kiatu kinakunjika pale, na ngozi ya juu inakulalia vidoleni kila hatua. Huku nyuma kisigino kinapanda na kushuka, ndipo malengelenge yanapotokea. Na upana uliokuwa unautafuta? Namba moja huongeza mzunguko kwa milimita chache tu.

Tafuta kiatu cha urefu wako ambacho mbele ni duara au mraba, si kilichochongoka. Sehemu inayopita juu ya fundo isiwe na mshono wala ua la kubandika. Ngozi laini au kitambaa kinachovutika kinafaa. Ngozi bandia ngumu haifai, kwa sababu haitaufuata mguu hata uivae mwaka mzima. Kisigino cha sentimita 2 hadi 3, kipana, kinatosha kukaa nacho kutwa. Mchuchumio wa sentimita 5 kwenda juu husukuma uzito wa mwili mbele, palepale penye maumivu, na mguu huteleza kuelekea kwenye ncha hata kiatu kikiwa kikubwa. Kama shughuli inadai mchuchumio, chagua wenye mkanda juu ya mguu au kwenye kifundo ili mguu usiteleze, na uvae kwa saa za shughuli tu.

Simpo, viatu bapa visivyo na kisigino, zile nyembamba kama karatasi nazo si nafuu ya mwalimu. Sakafu ya saruji haina huruma, na soli isiyo na unene inauacha uzito wote kwenye mifupa. Ukibonyeza soli kwa kidole gumba inatakiwa inywee kidogo na irudi.

Uwe na jozi mbili za kazini uzipokezane. Ngozi iliyonywa jasho kutwa inahitaji karibu siku nzima kukauka. Ukiivaa kesho yake ikiwa bado na unyevu, inaharibika umbo na kunuka. Fundo likiwa jekundu, limevimba na lina joto hata ukiwa umekaa bila viatu, hilo si la fundi viatu tena. Nenda hospitali.

Nilitunza moka zangu za arusi ndani ya boksi miaka sita. Juzi nimezivaa kwenda kanisani, na kabla ya kufika mlangoni soli zimeanza kumomonyoka vipande vipande. Ngozi ni nzima kabisa. Nimeuziwa feki? – Msomaji, Tanga

Inawezekana kabisa kwamba zilikuwa viatu halali na vya bei. Soli hizo bila shaka ni za povu la poliyurethani, zile zinazoandikwa PU. Hupendwa kwa kuwa ni nyepesi na laini, lakini zina adui mmoja: mvuke wa maji. Unyevu wa hewani huingia ndani ya povu na kukata taratibu minyororo ya kemikali inayolishikilia, na joto huharakisha kazi hiyo. Hewa ya Tanga, sawa na ya Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, ina vyote viwili mwaka mzima. Uharibifu huo hauhitaji kiatu kivaliwe. Huendelea ndani ya boksi, na boksi lenye mfuko wa nailoni unaofungia unyevu ni baya zaidi. Watengenezaji wenyewe husema kiatu cha PU kinachovaliwa mara kwa mara hudumu kuliko kilichofungiwa.

Gundi haitasaidia hapo. Soli yenyewe imegeuka unga, kwa hiyo fundi akipaka gundi anaubandika unga juu ya unga. Kama ngozi ya juu ni nzima na mshono haujaoza, mwambie akwangue povu lote hadi afike kwenye ubao wa ndani, kisha apige soli mpya ya mpira. Ni kazi ya kulipa vizuri, na kwa moka nzuri inastahili. Raba ya kitambaa kwa kawaida haistahili.

Wanunuzi wa mitumba ndio wanaopaswa kulijua hili kuliko wote, kwa sababu kiatu kinachofika masoko ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, huenda kilishakaa miaka kwenye kabati la mtu, kisha kontena, kisha ghala. Kipo kinachong'aa juu na kimekufa chini. Kabla ya kupatana bei, bonyeza ukucha ubavuni mwa soli, kwenye ile sehemu nene ya povu. Alama ikibaki bila kurudi, au ukucha ukatoka na unga au utelezi wa kunata, rudisha. Kikunje mara tatu nne uangalie nyufa ndogondogo kwenye mkunjo. Kiweke kwenye meza ukitazame kwa nyuma: kikiwa kimelala upande, mwenyewe wa kwanza alikilaza, nawe utatembea kwa mwendo wake. Bonyeza pia ile sehemu ngumu inayokumbatia kisigino. Ikibonyea kama kitambaa, imevunjika ndani.

Viatu vinavyotoka Ulaya huwa na michoro midogo inayoonyesha vimetengenezwa kwa nini. Umbo la ngozi ya mnyama iliyotandazwa ni ngozi halisi. Likiwa na alama ya almasi ndani yake ni ngozi iliyopakwa tabaka juu. Almasi peke yake ni vitu vingine, aghalabu plastiki. Wavu ni kitambaa. Mchoro upo kwa sehemu ya juu, kwa ndani na kwa soli, kila moja na alama yake, kwa hiyo usione ngozi mahali pamoja ukadhani kiatu chote ni ngozi.

Fundi amegundisha soli ya raba yangu mara tatu na mara tatu imeachia. Tatizo ni gundi au fundi? – Msomaji, Mwanza

Mara nyingi ni haraka. Gundi ya viatu ile ya manjano hupakwa pande zote mbili, nyembamba, kisha huachwa dakika 10 hadi 15 mpaka ukiigusa haishiki kidoleni. Hapo ndipo hukutanishwa na kugongwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni. Fundi mwenye foleni huikutanisha ikiwa mbichi; kiyeyushi kinanaswa ndani na gundi haishiki. Kosa la pili ni kupaka juu ya gundi ya zamani. Inatakiwa ikwanguliwe yote, soli ipigwe msasa mpaka ung'oke ule mng'ao, ipanguswe vumbi. Baada ya kugonga, kiatu kifungwe kwa ukanda wa mpira wa baiskeli na kisivaliwe mpaka kesho yake.

Kama soli ni ya plastiki iitwayo PVC, gundi ya manjano itaachia hata ikifanyiwa yote hayo, maana mafuta yanayolainisha PVC huipenya na kuiyeyusha. Inahitaji gundi ya poliyurethani. Supagluu usikubali kabisa: hukauka ikawa kama kioo na kupasuka kwenye mkunjo wa kwanza. Baada ya gundi, mwombe ashone kwa msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta, akichimba mfereji kwanza ili uzi uzame ndani ya soli. Uzi ulioachwa juu juu utasagwa na lami katika wiki chache.

Je, ni sawa kumnunulia mtoto viatu vya shule vya namba mbili zaidi ili avivae miaka miwili? Bei siku hizi si mchezo. – Mzazi, Nakuru

Tunaelewa Januari ilivyo, mzazi. Hata hivyo, namba mbili ni nyingi mno. Mtoto wa shule ya msingi mguu wake hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Ukimwachia nafasi ya sentimita 1.2 hadi 1.5 mbele ya kidole kirefu, utapata karibu mwaka mmoja. Zaidi ya hapo mtoto hukunja vidole ili kukishika kiatu kisimtoke, hujikwaa, na soli huliwa upesi kwa kuburuzwa. Kufikia siku kiatu kinapomtosha, kimeshakwisha.

Usimwamini muuzaji anayebonyeza ncha ya kiatu kwa kidole. Mtoto akibonyezwa hukunja vidole. Tumia kijiti au soli ya ndani. Chagua cha kamba au cha mkanda, kisiwe cha kutumbukiza, ili ile nafasi ya ziada isiuache mguu uende mbele na nyuma. Kagua kila baada ya miezi mitatu, kwani mtoto hazungumzi mpaka kidonda kitokee. Viatu vya kaka kwa mdogo wake vinafaa kama soli haijalala upande mmoja na ndani hakuna shimo la kidole.

Moka za ngozi zinanibana ubavuni, na muuzaji anasema zitatanuka. Raba nayo inapwaya kisigino. Nifanyeje? – Msomaji, Arusha

Ngozi halisi hutanuka upana kwa milimita chache. Urefu hautanuki, kwa hiyo kama vidole vinagonga mbele, rudisha. Kwa upana, mpelekee fundi mwenye kalibu ya skrubu. Alowanishe kidogo kwa ndani kwa mchanganyiko wa spiriti na maji nusu kwa nusu, ajaribu kwanza mahali pasipoonekana kama rangi haitoki, akaze taratibu na kuacha siku moja hadi mbili. Kuviloweka na kuvianika juani hukausha ngozi ikapasuka. Ngozi bandia hurudi ilivyokuwa ukitoa kalibu.

Kisigino cha raba kikipwaya, wengi huongeza soli ya ndani. Hiyo huinua mguu na kisigino hutoka kabisa kwenye nafasi yake. Bandika kipande cha sponji cha milimita 3 hadi 5 chini ya ulimi wa kiatu; kitausukuma mguu urudi nyuma. Halafu tumia lile tundu la mwisho la kamba ambalo watu huliacha: ingiza kamba katika tundu hilo upande uleule kufanya kitanzi, pitisha ncha ya kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, vuta kuelekea chini, funga.

Mama ana kisukari na anapenda kandambili. Viatu gani vinamfaa? – Msomaji, Kigoma

Kandambili aziache, hasa zile zenye gidamu kati ya vidole. Kisukari huweza kuua hisia za nyayo, na mtu akakanyaga msumari bila kujua. Anahitaji kiatu kilichofunika vidole, kipana, chenye mkanda wa kubandika na ndani kisicho na mshono. Kipimwe kwa kijiti na kwa macho, kwa kuwa neno lake "hakibani" linaweza lisiwe na uhakika. Kila anapovaa apitishe kwanza mkono ndani kutafuta kokoto au uzi uliotokeza. Kiatu kipya avae saa moja au mbili siku ya kwanza, kisha nyayo zikaguliwe. Kidonda chochote, hata kidogo kisichouma, kipelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Nimechoka na madukani, nataka fundi anitengenezee. Nimwambie nini ili asinipe kiatu kilekile cha dukani? – Msomaji, Unguja

Muulize kwanza kalibu zake. Mafundi wengi wana seti moja yenye upana mmoja, na mguu wako mpana utaingizwa humohumo. Fundi mzuri atachora nyayo zako zote mbili ukiwa umesimama, atapima mzunguko mahali patatu, yaani sehemu pana, mgongo wa mguu na kifundoni, kisha atabandika vipande vya ngozi juu ya kalibu pale mguu wako unapozidi. Kama una fundo lililotokeza, muone akibandika kipande mahali hasa pa fundo hilo. Kipande kikikaa sentimita moja mbele yake, kiatu kitavimba pasipohitajika na kubana palepale pa zamani.

Mpelekee na kiatu chako cha zamani kinachokukaa vizuri zaidi, hata kikiwa kimechakaa, kwa sababu soli ya ndani imeshachorwa na mguu. Kubalianeni mapema kuhusu ngozi ya juu, bitana ya ndani na kwamba soli itashonwa kuzunguka. Kwa makubazi, gidamu apitishe ukiwa umesimama, mguu ukiwa juu ya soli. Ukipimwa umekaa, gidamu itakubana ukianza kutembea.

Kwa kiatu cha kufunika, omba kukijaribu kikiwa bado hakijapigwa soli. Katika hatua hiyo fundi anaweza kuvuta ngozi upya na kuongeza milimita tatu ubavuni. Soli ikishashonwa, hawezi tena bila kukibomoa.